Viwanja vya baiskeli za mteremko vyenye huduma ya kupandishwa: maswali tunayoulizwa mara kwa mara Kigoma

Ujumbe unaingia kwenye simu yangu kutoka Mwanga, Ujiji, Kasulu, na siku hizi hata Tabora: vile viwanja vya nje ambako baiskeli inapandishwa mlimani kwa gari au lifti, mtu akabaki na kazi ya kushuka tu, kipi ni kizuri kuliko kingine? Nilikaa Cardiff, mji wa Wales huko Uingereza, miaka mitatu kwa masomo, nikawa naenda kwenye viwanja vya Wales karibu kila mwezi. Tangu nirudi Kigoma, mimi na wenzangu tunashuka vilima vyetu wenyewe. Naupenda mchezo huu kwa moyo wote, na ningetaka vijana wengi zaidi wa mkoa huu waujue vizuri kabla hawajatumia fedha zao.

Baiskeli ya mteremko ina tofauti gani na baiskeli ya mlima ya kawaida?

Ya kawaida hupanda na kushuka. Ya mteremko hushuka tu. Shokapu zake za mbele na nyuma zinabonyea kama milimita 200, uma wa mbele umeshikwa juu na chini ya shingo kama wa pikipiki, matairi yana upana wa inchi 2.4 au 2.5, na breki ni za diski zinazosukumwa na mafuta. Uzito wake kwa kawaida ni kilo 15 hadi 17. Ukijaribu kupanda nayo Mwanga kutoka stesheni utaelewa haraka kwa nini watu walitafuta namna ya kuipandisha.

Kupandishwa maana yake nini?

Kiwanja kinakubeba wewe na baiskeli yako hadi kileleni, unashuka, unabebwa tena. Unalipia tiketi ya siku nzima au ya nusu siku. Baadhi ya viwanja hutumia basi dogo linalovuta tela la baiskeli. Vingine vina lifti ya viti inayoning'inia kwenye waya, na baiskeli inatundikwa kwenye kiti au kwenye ndoana iliyo nyuma yake. Vingine vina gondola, yaani kibanda kinachopanda kwa waya.

Ukitazama ramani utaona sababu. Lifti na gondola nyingi zilijengwa kwa ajili ya watelezaji wa theluji, na wakati wa kiangazi zilikuwa zinakaa bure hadi wenye milima walipoona baiskeli zinaweza kuzilipia. Mahali pasipo na theluji ya kutosha, kama kusini mwa Wales, hapakuwa na lifti ya kurithi, ndiyo maana huko kazi inafanywa na magari.

Nikilinganisha viwanja viwili, nianze na nini?

Anza na kupandishwa, kabla hujatazama picha za watu wakiruka angani. Watu wengi huuliza kwanza urefu wa mlima, na hapo ndipo wanapokosea hesabu.

Fanya hivi. Chukua mita za kushuka kwa mzunguko mmoja, zidisha kwa mizunguko unayoweza kuimaliza kwa siku. Kiwanja cha mita 250 ambacho gari linarudi haraka na unapata mizunguko kumi kinakupa mita 2,500. Kiwanja cha mita 550 chenye foleni ndefu, ukapata mizunguko minne, kinakupa mita 2,200. Mlima mkubwa umekupa mazoezi machache kuliko mdogo.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu hiyo haionyeshi. Mtu anajifunza kona kwa kuirudia. Ukishuka njia moja mara nane, mara ya tatu unaanza kuachia breki pale ulipokuwa unaikamata kwa hofu, na mara ya sita unajua mguu upi uwe nje. Ukishuka mara tatu kwa siku, kesho yake unaanza upya. Kwa hiyo uliza kiwanja maswali haya: gari linachukua muda gani kutoka chini hadi juu, yako magari mangapi, idadi ya tiketi kwa siku ina kikomo au wanauza hadi watu wajae, na kipande cha kutoka mwisho wa njia hadi kituo cha kupandia ni kirefu kiasi gani. Hilo la mwisho husahaulika. Kusukuma baiskeli ya kilo 16 nusu kilomita kila mzunguko kunakula siku yako na miguu yako.

Gari au lifti, ipi bora?

Kwa wingi wa mizunguko, lifti. Haisimami kungoja abiria wajae, na dereva wake hapumziki kula. Lakini lifti inafungwa upepo ukivuma sana au radi ikinguruma, na gari huendelea na safari katika mvua ambayo ingesimamisha kibanda cha waya.

Mimi binafsi nina upendo na gari. Ndani ya basi lile dogo la Wales, watu kumi na kitu wamebanana, matope hadi shingoni, kila mmoja anasimulia kona iliyomwangusha. Pale ndipo nilipofundishwa zaidi kuliko mahali pengine popote. Mzee mmoja, umri wa baba yangu, aliniambia nitazame mwisho wa kona, nisitazame gurudumu langu. Kwenye kiti cha lifti mnakaa wawili au watatu mkitazama bonde, mazungumzo ni machache.

Rangi za njia zina maana ileile kila nchi?

Hapana, na hili limewavunja watu mikono. Uingereza na Ufaransa hutumia kijani, buluu, nyekundu, nyeusi, kuanzia rahisi hadi ngumu. Uingereza inaongeza rangi ya chungwa kwa njia za viwanjani zenye miruko mikubwa. Kanada na Marekani hazina nyekundu: ni kijani, buluu, almasi moja nyeusi, kisha almasi mbili nyeusi. Mtu aliyezoea nyekundu za Wales akifika Kanada hajui aingie buluu au nyeusi.

Zaidi ya hapo, rangi hupewa na kiwanja chenyewe kwa kulinganisha njia zake. Buluu ya mlima mkali inaweza kukutisha kuliko nyekundu ya kilima cha pole. Ushauri wangu haubadiliki: siku ya kwanza, mahali popote, anza rangi moja chini ya ile unayoiweza nyumbani, na mzunguko wa kwanza shuka bila kuruka chochote.

Viwanja vya Uingereza vikoje?

Hivi ndivyo ninavyovijua kwa mwili wangu, basi nitakaa hapa kidogo.

BikePark Wales iko Merthyr Tydfil, mji uliojengwa na chuma na makaa ya mawe, na treni kutoka Cardiff inafika huko. Ilifunguliwa 2013. Mlima wake si mrefu, mita 491 kutoka usawa wa bahari, na mteremko unaoushuka haufiki mita 300. Uzuri wake uko kwenye wingi wa njia na mpangilio wa magari. Zipo za kijani kwa anayeanza kabisa, buluu zenye kona zilizoinuliwa ukingo zinazokubeba bila kukanyaga pedeli, na nyeusi zenye mawe na mizizi. Kwa mtu wa Kigoma anayekwenda mara ya kwanza, hapa ndipo ningemtuma. Akate tiketi ya gari mapema, kwa sababu za Jumamosi huisha.

Antur Stiniog iko kaskazini, Blaenau Ffestiniog, katikati ya machimbo ya mawe bapa ya kuezekea nyumba. Mandhari ya machimbo ya eneo lile yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2021. Ardhi ni mawe, na mawe yale yana faida moja kubwa: maji hayasimami. Siku ambayo misitu yote ya Wales ni tope, Stiniog bado inashikika.

Dyfi Bike Park, karibu na Machynlleth, ilifunguliwa 2019 na Dan Atherton, wa familia ya mabingwa wa mchezo huu. Ni mahali pa kwenda ukiwa umeshajifunza. Miruko yake ni mikubwa, na sioni sababu ya mgeni kuanzia hapo kwa kufuata jina.

Uskoti kuna Nevis Range karibu na Fort William. Gondola yake inafika takriban mita 650, na njia ya mashindano inashuka kama mita 550 kwa urefu wa kilomita 2.8 hivi, mwamba mtupu juu na msitu chini. Mabingwa wenyewe huimaliza kwa zaidi ya dakika nne. Mashindano ya Dunia yalifanyika pale 2007 na tena 2023. Nilipoishuka mara moja nilisimama mara tano kunyoosha vidole, maana vilikuwa vimekataa kukunjuka kutoka kwenye breki.

Na Ulaya bara?

Portes du Soleil, mpakani mwa Ufaransa na Uswisi, ni jibu la mtu anayetaka kusafiri zaidi ya kurudia. Miji kumi na miwili ya theluji imeungana, tiketi moja inakupandisha kwenye lifti za Les Gets, Morzine, Châtel na hata Champéry upande wa pili wa mpaka. Les Gets iliandaa Mashindano ya Dunia mwaka 2004 na 2022. Unaweza kukaa siku nzima bila kurudia njia, na mchana ukala nchi nyingine. Kwa anayejifunza, uhuru huo unaweza kuwa hasara, kwa sababu niliyoieleza juu: hakuna kona utakayoizoea.

Leogang, Austria, ni ndogo kwa eneo lakini imepangwa vizuri, gondola inakuacha mlangoni mwa njia. Nayo imeandaa Mashindano ya Dunia mara mbili, 2012 na 2020.

Kila mtu anataja Whistler. Kuna nini huko?

Whistler, jimbo la British Columbia, Kanada, ndicho kiwanja ambacho wengine wote hujilinganisha nacho. Kilifunguliwa rasmi 1999. Lifti zake zilizaliwa na theluji, na mji huohuo uliandaa mbio za theluji za Olimpiki ya 2010. Njia yake ya A-Line, yenye miruko mfululizo iliyochongwa kwa mashine, imeigwa dunia nzima. Tamasha la baiskeli la Crankworx hufanyika hapo tangu 2004.

Ni kizuri, sina ubishi. Lakini ukihesabu nauli, malazi na viza, fedha ya wiki moja Whistler inaweza kukuweka Wales kwa wiki kadhaa. Kwa anayeanza, mizunguko mingi ya Wales itamfanya mwendeshaji bora kuliko mizunguko michache ya Whistler. Nenda Whistler ukiwa na cha kwenda kukifanya huko.

Kuna kiwanja cha magari chenye mteremko mrefu kweli?

Maydena, kisiwa cha Tasmania, Australia. Kilifunguliwa 2018, na mabasi hukupandisha ukashuka zaidi ya mita 800. Ni mbali mno kutoka hapa.

Afrika je?

Pietermaritzburg, Afrika Kusini. Mashindano ya Kombe la Dunia, yaani mfululizo wa raundi kadhaa kwa mwaka, yalifika hapo zaidi ya mara moja, na 2013 mji ukaandaa Mashindano ya Dunia. Greg Minnaar, mzaliwa wa mji huohuo, alishinda mbele ya watu wake, akafika mstari wa mwisho tairi la nyuma likiwa halina upepo. Alikuwa ameshashinda 2003 na 2012, na 2021 akashinda tena. Naisimulia hii kila mara mtu anaponiambia mchezo huu ni wa Wazungu wa milima ya theluji. Minnaar alikulia kwenye ardhi nyekundu na majani makavu, na ardhi hiyo tunayo.

Watu huniuliza pia kuhusu Kigali, kwa kuwa ni karibu na Mashindano ya Dunia ya baiskeli yalifanyika huko Septemba 2025. Yale yalikuwa ya barabarani, matairi membamba kwenye lami. Nilifurahi mno kuyaona hayo ya barabarani yamekuja Afrika kwa mara ya kwanza, ila hayakuwa ya mteremko.

Hapa nyumbani, njia ya Kilema ya Mlima Kilimanjaro ndiyo inayotumiwa na waendesha baiskeli. Hakuna atakayekupandisha. Utapanda mwenyewe, na ni siku za kutosha.

Naweza kwenda na baiskeli yangu ya hapa?

Kama ina breki za kubana rimu kwa mpira, tafadhali usiende nayo. Nasema tafadhali kwa sababu nimeona matokeo.

Fikiria mtu wa kilo 75 juu ya baiskeli ya kilo 16 anashuka mita 500. Nguvu aliyopewa na gari kwa kupandishwa lazima itoke mahali fulani. Nyingine inachukuliwa na upepo na matairi, lakini kama yote ingeishia kwenye breki, joto lake lingetosha kuchemsha lita moja na zaidi ya maji kutoka ubaridi wa mtungini hadi kutokota. Weka sufuria hiyo ya chai kwenye vipande viwili vya mpira na rimu nyembamba, uone kitakachotokea. Mpira unalainika, rimu inachemka, tyubu inapasuka, na wewe uko katikati ya mteremko. Diski pana za milimita 200 ziko pale kwa kazi ya kutawanya joto hilo, na fundi mzuri atakuonyesha ilipobadilika rangi kuwa buluu baada ya siku ngumu.

Kwa safari ya kwanza, kodi. Viwanja vikubwa nilivyovitaja vina baiskeli za kukodi pamoja na helmeti inayofunika uso hadi kidevu, pedi za magoti na za viwiko. Usione aibu kukodi helmeti. Uone aibu kushuka na ile ya wazi.

Ukiletewa baiskeli, kagua breki kabla ya kitu kingine: levu ya breki isifike kwenye mshikio, na ukiibana baiskeli isisogee hata kidole kimoja. Kisha upepo wa matairi. Wengi wetu tumezoea tairi gumu kama la mzigo wa ndizi, lakini kwenye mteremko tairi gumu linaruka kila jiwe. Muulize fundi wa kiwanja, mwambie uzito wako.

Niende mwezi gani?

Milima ya lifti ya Ulaya hufungua kwa baiskeli takriban Juni hadi Septemba, Whistler kuanzia Mei hadi Oktoba hivi. Viwanja vya magari vya Wales huendelea hata majira ya baridi, ila ujiandae kwa mvua ambayo haifanani na ya kwetu. Ya kwetu inapiga ikaisha. Ile inakaa siku nzima.

Gharama zipi watu husahau?

Bima. Bima nyingi za safari hazihusishi baiskeli za mteremko, na mstari huo huwa umeandikwa mbali na ukurasa wa kwanza. Soma, au uliza kwa maandishi ujibiwe kwa maandishi. Rafiki yetu mmoja alivunjika mfupa wa bega huko nje akakuta amelipia bima isiyomhusu, na michango ya matibabu ilizunguka Kigoma nzima.

Ya pili ni viza. Uingereza ina yake, Kanada ina yake, na Portes du Soleil unaweza kuvuka mpaka kwa viza moja ya Schengen kwa kuwa Ufaransa na Uswisi zote zimo. Ya tatu ni kilichoharibika kwenye baiskeli ya kukodi: uliza kabla hujasaini ni vipuri vipi utavilipia.

Wasichana wanashiriki?

Wanashiriki na wanashinda. Rachel Atherton, wa familia ileile ya Dyfi, mwaka 2016 alishinda kila raundi ya Kombe la Dunia kisha akachukua na ubingwa wa Dunia. Mwaka 2023 alirudi akiwa mama, akashinda tena raundi ya Kombe la Dunia huko Lenzerheide, Uswisi. Dada wawili tunaoshuka nao hapa Kigoma wananiacha kwenye kona, kwa sababu wao wanasikiliza baiskeli nami nilianza kwa kushindana nayo. Mzazi anayesita kumruhusu binti yake, aje Jumamosi moja aone.

Kushikilia lori lipande nawe, si huduma ya kupandishwa pia?

Hapana. Wenzetu wa Burundi wanaobeba ndizi hushika malori kwenye milima yao, na wapo wa huku wanaoiga. Dereva hakuoni, lori likiyumba huna pa kwenda. Wale wanafanya kwa ajili ya chakula cha watoto wao, na inaniumiza. Wewe unayetaka burudani huna sababu hata moja.

Tabora hatuna milima. Tufanye nini?

Mna udongo mgumu na nafasi. Chongeni kona zenye ukingo na matuta madogo, mjifunze kusukuma baiskeli kwa mikono na miguu bila kukanyaga pedeli. Sehemu kubwa ya ustadi wa kushuka inaanzia hapo, kisha mnapanda treni kuja kwetu.

Tunaweza kuanzisha kupandishwa hapa Kigoma?

Tumeshaanza, kwa udogo. Ziwa liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari na vilima vinainuka kutoka ufukweni, halafu ukifuata barabara ya Manyovu unazidi kupanda kuelekea Kalinzi na mashamba yake ya kahawa. Wales wangetuonea wivu. Kilima chetu cha mazoezi kinatupa mita 130 kwa kipimo cha simu. Tukisukuma wenyewe tunashuka mara tatu, tumechoka. Siku tuliyochanga mafuta ya kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, tulishuka mara tisa.

Yako mambo ambayo hatuyavunji. Tunaongea kwanza na serikali ya kijiji na mwenye shamba, kwa sababu njia ya baiskeli ikipita vibaya inageuka mfereji mvua za Novemba zikianza, na udongo wa mtu unaishia ziwani. Njia tunaikata kwa kuzunguka kilima, haiteremki moja kwa moja, na kila baada ya hatua kadhaa tunaweka mahali pa maji kutokea. Hifadhi ya Gombe hatuigusi. Kwenye njia za watu tunaweka mtu wa kupiga filimbi, maana mama mwenye ndoo ya mawese kichwani hawezi kuruka pembeni.

Kirikuu kinabeba baiskeli tano, magurudumu ya mbele yakining'inia nje ya bodi na blanketi kuukuu katikati ya kila fremu. Waendeshaji hawapandi nyuma pamoja nazo, wanafuata kwa mchomoko, gari dogo la abiria. Tunatoka Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijakali, kuanzia Juni udongo ukishakauka. Njoo na breki nzima. Helmeti ya kufunika uso tunazo mbili, tunapokezana.